Kila akirudi safari anakuja na mnyama mwingine

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka minne na nina ujauzito wa miezi mitano. Tunaishi Moshono hapa Arusha, tumepanga vyumba viwili na sebule kwenye uwanja mmoja na familia nyingine mbili, na mama mwenye nyumba anaishi humo humo. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya, kuanzia mwezi wa sita, anaweza kukaa porini siku kumi, anarudi kufua na kulala, anaondoka tena. Kazi yake sina ugomvi nayo, ndiyo inayotulisha.

Ugomvi wangu ni wanyama.

Alianza na paka, nikaona sawa, panya walikuwa wanatutesa. Akaleta paka wa pili eti wa kwanza asiwe mpweke. Akaja mbwa, Bobi, wa ulinzi, ambaye mgeni akiingia getini anamlamba miguu. Akanunua sungura wawili, muuzaji akamwapia kwamba wote ni majike. Shangazi, mmoja hakuwa jike. Leo nikiulizwa sungura wako wangapi najibu tu, "Wapo." Kisha wakaja simbilisi wanne, akawachanganya na sungura kwenye banda moja la mbao nyuma ya jiko kwa sababu anasema wanafanana, watazoeana. Sebuleni kuna tangi la samaki, na kizimba cha kasuku wadogo wawili wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, ambao alfajiri wanaamka kabla ya jogoo wa jirani na hawanyamazi. Halafu wakati wa masika akakuta kobe anavuka barabara karibu na Makuyuni, akasema magari yatamkanyaga, akambeba. Kobe huyo sasa anaishi chini ya meza yangu ya chakula, anakula ugali, na mwanangu anambusu mgongoni.

Wageni wakija, mume wangu anawatembeza nyumbani kama yuko kazini. Huyu anaitwa fulani, yule anakula hiki, msimshike hapo hapendi. Watu wanapiga picha, wanamsifu kwamba ana moyo wa pekee. Akiondoka, wanaozoa kinyesi ni mimi na dada wa kazi. Dada naye ameshasema mwisho wa mwezi anarudi kwao Kondoa. Anasema alikuja kulea mtoto, hakuja kuajiriwa hifadhini.

Mama mkwe alikuja kutoka Machame kunisalimia, akasema paka waondoke kwanza, manyoya yao yanaingia tumboni yanamkaba mtoto. Kwa bahati mbaya mwanangu ametoka mapunye kichwani siku hizo hizo, mama akaniangalia tu, maana yake unaona? Mama mwenye nyumba anasema harufu ya banda inaingia dirishani kwake. Amenipa hadi mwisho wa mwezi wa nane: waondoke wanyama au tuondoke sisi.

Juzi juzi sungura mmoja alianza kuharisha. Mume alikuwa Serengeti, mtandao unakuja unakatika, akaniambia nimpe ile dawa ya maji ya mtoto iliyobaki kwenye friji, amoksilini. Nikampa. Kesho yake akagoma kula, keshokutwa tukamkuta amekufa. Mtoto alilia mpaka akapata homa. Na mume wangu akaniuliza, kwa sauti ile ya lawama, "Kwani ulimpa kipimo gani?"

Sio kwamba nawachukia. Mume akiwa hayupo, Bobi analala mlangoni kwangu mpaka asubuhi. Na wale simbilisi wakisikia friji inafunguliwa wanapiga filimbi wote wanne, najikuta nacheka peke yangu. Ila nimechoka, Shangazi. Nikimwambia apunguze ananijibu, "Sikujua nimeoa mtu asiye na huruma." Neno hilo limenikaa moyoni.

Nimpe sharti, achague mimi au wanyama? Je, ni kweli paka ni hatari kwa ujauzito? Na nikiwagawa wote akiwa safari, nitakuwa nimekosea?

Mama kijacho, Moshono

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu. Pole ya ujauzito na pole ya banda.

Sharti la "mimi au wanyama" liache. Mwanamume aliyezoea kusifiwa kwa huruma yake ukimwekea sharti hilo atajiona anaonewa pamoja na wanyama wake, na wewe utageuka mkatili wa hadithi. Kuwagawa akiwa hayupo ni hivyo hivyo. Sasa hivi haki iko upande wako kabisa. Akirudi akute banda tupu, watu wote, hata dada wa kazi, watamwonea huruma yeye.

Hilo la kuambiwa huna huruma nitalirudia kidogo, kwa sababu naona limekuumiza kuliko harufu. Mumeo anawapenda wanyama, sina shaka. Lakini mapenzi yake ni ya kuleta. Kuleta kunachukua dakika, kunaleta sifa, na wageni wanapiga picha. Kutunza ni kuamka na kichefuchefu, umeinama na tumbo, unakwangua mbao zilizolowa mkojo wa sungura. Kazi hiyo nani anaifanya? Basi mwenye huruma humo ndani tumeshamjua, na siku mkikaa kuzungumza umwambie hivyo bila kupandisha sauti.

Nianze na kobe, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuwaletea balaa lisilofutika. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma, Rais amekabidhiwa kwa niaba yetu. Kumchukua kobe barabarani na kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama nia ilikuwa kumwokoa na magari. Mkulima anaweza kusema hakujua. Mumeo anaongoza watalii, analipwa kuwaeleza wageni sheria za mbugani! Mgeni mmoja akiweka ile picha ya sebuleni kwenye simu yake, mkate wenu wa kila siku uko mashakani. Kobe anayemkuta barabarani anamvusha upande ule ule aliokuwa anaelekea, basi, anapanda gari lake.

Apige simu au aende ofisi ya TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori, au kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, aeleze ukweli kwamba alimwokota na anataka kumkabidhi. Siwezi kukuahidi watampokea kwa tabasamu. Ila anayejipeleka mwenyewe na anayefuatwa nyumbani hawatazamwi kwa jicho moja. Asimrudishe porini kimyakimya, maana kobe aliyekaa na paka, mbwa na kasuku anaweza kubeba ugonjwa akawapelekea wenzake. Na afanye yeye, si wewe na tumbo lako.

Mpaka siku hiyo, mtoeni chini ya meza. Kobe anataka jua la moja kwa moja, nyasi na majani, na sinia la maji yenye kina kifupi. Ugali, mkate na maziwa si chakula chake. Akikaa gizani kwa mlo huo gamba linaota vibaya na mifupa inalegea. Na busu za mtoto ziishe leo. Kobe anaweza kuwa na bakteria wa salmonela tumboni bila yeye kuumwa chochote, lakini mtoto wa chini ya miaka mitano akiwapata ataharisha vibaya sana, na mjamzito vilevile si wa kufanyia majaribio. Yeyote aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Wale kasuku wako kwenye fungu hilo hilo. Kwa ulivyowaeleza, kijani na uso wa chungwa, ni ndege wa kwetu kabisa: kwao ni Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, ingawa jina la kitaalamu lilikwenda kwa Mjerumani, Fischer. Wamekamatwa sana miaka ya nyuma kwa ajili ya kuuzwa nje. Muulize mumeo kama muuzaji alimpa karatasi yoyote ya kibali. Kama hana, wasafiri pamoja na kobe kwenda ofisini. Kwa sasa wafunike kizimba jioni kwa kitenge kizito, usiku kucha, na usifunue mpaka wewe mwenyewe umeamka. Kelele za alfajiri zinaletwa na mwanga.

Sasa paka, ambao mama mkwe amewashitaki. Manyoya hayaingii tumboni kwa mtoto, hakuna njia hiyo. Lakini usimcheke bibi wa watu, kwa sababu kuna jambo la kweli karibu na hapo alipogusa. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma. Paka anakipata kwa kula panya au nyama mbichi, kisha kwa muda, mara nyingi wiki chache tu katika maisha yake, anakitoa kwenye kinyesi. Mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito kinaweza kumfikia mtoto na kumdhuru macho au ubongo. Kwa hiyo hatari ipo, ila iko kwenye kinyesi. Kumshika paka mgongoni si tatizo.

Na kinyesi chenyewe kina tabia inayotusaidia. Kikitoka hakiambukizi hapo hapo, kinahitaji kati ya siku moja na tano ndipo vijidudu vikomae. Ndiyo maana sinia la mchanga la paka likisafishwa kila siku, bila kuruka, hatari inapungua sana. Asiyepaswa kulisafisha ni wewe, tangu leo mpaka ujifungue. Kama hakuna mwingine kabisa siku hiyo, vaa glavu, kisha unawe kwa sabuni. Glavu hizo hizo uzivae ukipalilia bustani, maana paka wa mtaa mzima wanajisaidia humo. Paka wenu wapewe chakula kilichopikwa, mabaki mabichi ya buchani yaishie huko huko.

Halafu nikuambie kinachosahaulika wakati wote wanamtazama paka: akina mama wengi wanakipata kijidudu hiki jikoni. Nyama choma ambayo ndani bado ina damu, acha mpaka utakapojifungua. Mchicha na matunda vioshwe vizuri. Ubao uliokatia nyama mbichi usikatie kachumbari. Ukienda kliniki, mwambie nesi kwamba nyumbani mna paka. Kipo kipimo cha damu, wataona kama unakihitaji.

Kwa hiyo paka wanabaki. Chumba atakacholala mtoto mchanga mlango ufungwe, wasizoee kulala kwenye kitanda chake kabla hajafika. Na anayemjibu mama mkwe awe mwanawe. Mkamwana akimsahihisha mkwe, hata akiwa na daktari pembeni, inasikika vingine Machame.

Kuhusu mapunye mama amepatia nusu. Ni fangasi, na paka anaweza kuwa chanzo, hata sungura na simbilisi wanaweza. Lakini mtoto anaweza pia kuwa ameyatoa kwa watoto wenzake au kwenye mashine ya kinyozi. Mpeleke mtoto kituo cha afya, kwa sababu mapunye ya kichwani kwa kawaida yanataka dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haitoshi. Chanuo na kofia visishirikiwe. Kisha kagua wanyama mmoja mmoja chini ya jua. Ukiona sehemu ya mviringo iliyonyonyoka, masikioni, usoni au miguuni, huyo naye anahitaji daktari wa mifugo, la sivyo mtamtibu mtoto nao wanamrudishia.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu yule sungura. Hakufa kwa sababu ya kipimo. Ungempa kijiko, ungempa tone, dawa yenyewe ndiyo haikumfaa. Sungura na simbilisi wanaishi kwa bakteria wa tumboni wanaowasaidia kumeng'enya nyasi. Amoksilini na ndugu zake wote wa jamii ya penisilini, wakipewa kwa mdomo, wanaua wale wazuri na kuwaacha wenye sumu watawale. Mnyama anagoma kula, anaharisha zaidi, anakufa. Wewe ulitumwa dawa kwa simu na mtu aliye mbali, ukatii. Mwonyeshe mumeo aya hii.

Na kwa kuwa naona nyumba yenu ina tabia ya kushirikiana kabati la dawa, niongeze mbili. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kipande cha kidonge. Na dawa ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa, hasa yenye pemethrini, usimpake paka kamwe. Anatetemeka mpaka anakufa. Tafuteni daktari wa mifugo mmoja, namba yake ikae kwenye mlango wa friji. Ofisi ya mifugo ya kata ipo, na pale Tengeru kuna chuo cha mifugo, mji wenu hauna uhaba wa watu waliosomea kazi hii.

Banda. Kufanana kwa sungura na simbilisi ni kwa macho tu. Sungura akishtuka anapiga teke, na teke hilo linaweza kuvunja mgongo wa simbilisi. Halafu kuna bakteria wanaokaa puani mwa sungura bila kumsumbua, wakimfikia simbilisi wanamletea nimonia. Hata chakula chao kinapishana. Simbilisi, kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima aile kila siku, la sivyo fizi zinavuja damu na viungo vinauma. Pilipili hoho, majani ya sukuma wiki, kipande cha pera vinamtosha. Hizo filimbi za friji zinakuonyesha kwamba wanajua hoho inakaa wapi. Watengwe wiki hii, hata kwa wavu na mbao za maboksi. Wote wawili, sungura na simbilisi, msingi wa mlo ni nyasi kavu, nyingi, muda wote, kwa sababu meno yao hayaachi kuota na bila kusaga nyasi yanarefuka mpaka yanawazuia kula. Msiwape chakula cha kuku. Kuna dawa zinazochanganywa kwenye baadhi ya vyakula hivyo ambazo kuku anazivumilia na sungura zinamuua.

Hesabu ya sungura ni rahisi na inatisha. Mimba ni mwezi mmoja, siku 31 hivi. Siku ile ile anayozaa, dume likiwa karibu, anaweza kushika nyingine. Watoto nao wakifika miezi mitatu, minne, wameanza mambo ya wakubwa, na hawaulizi nani ni dada yake. Kwa hiyo hata ukiwagawa nusu kesho bila kutenganisha madume na majike, mwezi wa kumi utarudi pale pale. Mwite daktari wa mifugo aje siku moja tu awatazame wote jinsia, simbilisi pia, maana dume la simbilisi likifikisha wiki tatu tayari ni mzazi mtarajiwa. Kuhasi madume inawezekana, muulizeni gharama.

Wanaozidi waondoke. Mtoto achague wawili wa jinsia moja, ndugu wa tumbo moja ikiwezekana na wakiwa majike ni nafuu zaidi, kwa sababu madume wakikua wanapigana. Wengine wauzwe, wapewe wanaofuga, au waliwe. Naona wasomaji wangu wengine wamekunja uso hapo. Sungura ni kitoweo cha miaka mingi hapa kwetu, na sungura aliyechinjwa vizuri hakuteseka kama yule anayekanyagana na wenzake thelathini kwenye banda la mbao. Asichinjwe aliyepewa jina, na asichinjwe mtoto akiwapo. Kobe naye, mtoto aambiwe ukweli kwamba anarudishwa kwa watu wanaowajua kobe. Ukimdanganya kwamba alitoroka atamtafuta chini ya kila meza.

Mama mwenye nyumba usimwendee na ahadi, ameshazisikia. Subiri banda liwe limeshapungua na limehamishwa upande wa pili, mbali na dirisha lake, likiwa na sakafu ya wavu ili mkojo udondoke chini kwenye majivu au maranda yanayobadilishwa mara kwa mara. Harufu inayomkera ni ya mkojo uliolala kwenye mbao. Mbao zilizonywa mkojo hazioshiki, zibadilishwe. Kisha mpelekee gunia la samadi kwa ajili ya migomba yake. Ya sungura haiunguzi mimea kama ya kuku, unaweza kuiweka hivyo hivyo. Mwombe aje aone. Na kabla ya yote usome mkataba wenu unasemaje kuhusu wanyama, ili usije ukabishana na karatasi uliyoisaini. Kwa bahati mko Arusha, mwezi wa saba baridi, sungura wanaipenda. Mngekuwa Moshi mwezi wa pili ningekuandikia ukurasa mwingine juu ya joto.

Bobi anachohitaji ni chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na paka vilevile, kadi zao mzitunze. Ikitokea yeyote ameng'atwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wenu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona kama mbwa ataugua, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba. Samaki hawajamkosea mtu, waacheni, mradi maji ya bomba yalale kwenye ndoo usiku mmoja klorini itoke kabla ya kuwamwagia.

Tumebaki na bwana mwenyewe. Usimwanzishie usiku anaorudi, na vumbi la Ndutu bado liko masikioni. Mwache alale. Kesho yake asubuhi umpe koleo na ndoo, wewe na dada na mtoto mwende kwa dada yako au kanisani au popote, mrudi jioni. Siku nzima aifanye kazi hiyo peke yake: banda, sinia la paka, kizimba, tangi, kuosha bakuli. Mazungumzo myafanye baada ya hapo, akiwa anajua uzito wa kitu mnachokizungumzia.

Umwambie unataka wanyama wale ambao nyumba inaweza kuwatunza wakati yeye hayupo, na ukweli ni kwamba hayupo karibu nusu ya mwaka. Kila safari kabla ya kuondoka aache pesa ya chakula chao, ya dharura ya daktari na ya mtu wa kusafisha. Madereva wa watalii wanapata tipu, hilo halijifichi Arusha. Fungu la kwanza la tipu liende kwenye kopo la wanyama, kabla ya starehe za mjini kuonja chochote. Kuna vijana hapo mtaani watakaosafisha banda mara tatu kwa wiki kwa malipo ya haki. Dada wa kazi umwombe abaki, umwondolee banda kabisa, na kama atakubali sinia la paka, aongezewe mshahara, si aambiwe ni kusaidiana. Ukimpoteza yeye ukiwa na miezi minane, hakuna kasuku atakayekubebea ndoo.

Akikujibu tena kwamba huna huruma, usilie na usibishane. Muulize tu, yule sungura aliyekufa alikuwa anaitwa nani, na alikuwa anakula nini asubuhi. Wewe unajua. Mwache atafute jibu.

Na mkubaliane wazi kwamba hakuna mnyama mpya anayeingia getini bila ninyi wawili kukubaliana ana kwa ana, si kwa simu ya mtandao wa kukatika. Akikupigia yuko Karatu anakwambia ameona kitu kizuri pembeni ya barabara, mwambie apige picha.